Nyuma ya Meno: Kujifunza na Kufundisha Tukiwa Kibombo

Mhadhara uliotolewa mjini Kibombo, jimboni Maniema, mbele ya walimu, wauguzi na wazazi. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.

Najua wengine mmetoka mbali kwa baiskeli, na wengine mmeacha mpunga shambani wakati ambapo ndege hawamsubiri mtu.

Nimeombwa nieleze inatufaa nini sisi wa Kibombo kuhudhuria makongamano ya mabingwa wa kunyoosha meno, hasa wale wanaobandika waya upande wa ndani wa meno, upande unaoguswa na ulimi. Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja ninayemheshimu, naye aliniuliza kwa uchungu: hapa mtu akiumwa jino linang'olewa, basi, hizo waya za ndani ni za nani? Nimekuja kumjibu yeye na wote wenye swali kama lake. Nitajaribu kuonyesha kwamba ufundi huo karibu upotee kwa sababu ya kufundishwa vibaya, ukaokolewa kwa kufundishwa vizuri, na kwamba habari hiyo inatuhusu sana sisi ambao kazi kubwa iliyo mbele yetu ni kufundisha.

Kwanza niseme kazi yenyewe ni ipi, maana si wote humu ni watu wa hospitali. Jino halikupigiliwa kwenye mfupa. Linashikwa na nyuzinyuzi ndogo sana kati ya mzizi na taya. Ukilisukuma kidogo bila kuacha, upande mmoja mfupa unaliwa polepole na chembe hai za mwili, upande wa pili mfupa mpya unajengwa, na jino linahama. Ukilisukuma kwa nguvu nyingi hulifikishi mapema, unaumiza mzizi. Kwa hiyo fundi hubandika kishikizo kidogo juu ya kila jino, hupitisha waya unaotaka kurudi kwenye umbo lake, kisha husubiri. Kazi nzima huchukua mara nyingi mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Vishikizo hivyo kwa kawaida hukaa nje, upande wa midomo. Tawi ninalolizungumzia huviweka ndani, asivione mtu.

Hoja ya kwanza: ufundi huu ulizaliwa kwa sababu daktari alimsikiliza mgonjwa.

Watu wengi hudhani ulianzia kwenye urembo. Urembo umo, lakini si wote. Japani, Profesa Kinya Fujita wa chuo cha udaktari wa meno cha Kanagawa alikuwa na wagonjwa waliocheza michezo ya kupigana. Mtu mwenye vyuma mbele ya meno akipigwa ngumi au teke la uso, mdomo unakatika kwa ndani. Fujita akafikiri kuhamishia vyuma nyuma ya meno ili mdomo usalimike. Mwaka 1979 alichapisha maelezo ya njia yake katika jarida la Marekani la wanyoosha meno. Waya wake ulikuwa na umbo la uyoga, na sababu mtaiona wenyewe mkipitisha ulimi nyuma ya meno yenu ya juu sasa hivi. Anza mbele, nenda kando. Umefika kwenye chonge, jino jembamba, halafu ghafla jino linalofuata ni nene na limeingia ndani. Hapo waya hauwezi kupita moja kwa moja. Lazima upindwe kama ngazi. (Naona wengi mmejaribu. Vizuri, hilo ndilo somo la kwanza la fani hii, na mmelipata bila kitabu.)

Katika miaka ileile, Craven Kurz huko Beverly Hills, California, alikuwa akitibu watu wazima wengi ambao hawakutaka vyuma vionekane mdomoni. Naye aliomba hataza ya chombo chake mwaka 1976. Watu wawili, bahari kubwa kati yao, mgonjwa wa huyu mpiganaji, wa yule mtu wa kuonekana mbele za watu, na wote wawili wakafika nyuma ya meno.

Hoja ya pili: uliporomoka kwa sababu ya haraka ya kufundisha.

Hapa nitakaa kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zilienea Marekani kwamba kuna waya zisizoonekana. Magazeti yaliandika, wagonjwa wakagonga milango ya madaktari. Zikaandaliwa kozi za siku chache. Daktari aliingia darasani mwishoni mwa wiki na Jumatatu alikuwa na mgonjwa kitini. Kisha matatizo yakaanza. Nyuma ya meno huoni kwa macho, unafanya kazi kwa kioo, na mkono unageuka. Nafasi kati ya kishikizo na kishikizo ni fupi kuliko ya nje, hivyo waya ni mgumu zaidi na kosa dogo la kuupinda linageuza jino. Vishikizo vilibanduka. Ndimi zilipata vidonda, watu wakashindwa kutamka vizuri kwa wiki kadhaa. Kazi zilianza lakini hazikumalizika vizuri. Madaktari wengi waliacha kabisa, wakawaambia wenzao kwamba njia hiyo haifai.

Njia yenyewe haikuwa mbaya. Ilitaka maarifa ambayo kozi ya siku chache haiwezi kumpa mtu. Upande wa nje wa meno hufanana baina ya watu, kwa hiyo kiwanda kinaweza kutengeneza kishikizo kimoja kikawafaa wengi. Upande wa ndani haufanani. Jino la Salima na jino la Omari kwa nyuma ni vitu viwili tofauti: hili lina bonde, lile lina kilima, hili fupi, lile limelala. Kishikizo cha kununua hakikai sawasawa. Inabidi kila mtu atengenezewe chake, na kazi hiyo hufanyika mezani kabla ya kufika mdomoni.

Walioiokoa fani walikuwa wachache waliokubali kwenda taratibu: Didier Fillion huko Paris, Kyoto Takemoto huko Tokyo, Giuseppe Scuzzo huko Roma, na wengine. Mwaka 1992 kikaundwa chama cha Ulaya cha tawi hili, baadaye kikaja cha dunia nzima, na makongamano yao yakawa mahali pa kuonyeshana kazi kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na zile zilizoharibika. Huko Bad Essen, Ujerumani, Dirk Wiechmann alikwenda mbali zaidi: vishikizo vya kila mgonjwa vilichorwa kwa kompyuta, vikamiminwa kwa mchanganyiko wa dhahabu, na waya ukapindwa na roboti. Ni kazi ya kupendeza sana, na bei yake iko mbali nasi.

Lakini sikilizeni njia ya Mjapani mwingine, Toshiaki Hiro. Yeye huchukua sura ya meno kwa plasta, hukata kila jino la plasta kwa msumeno mwembamba, huyapanga upya juu ya nta kama yatakavyokuwa siku ya mwisho. Kisha huunda waya mmoja unaolingana na mpangilio huo mzuri, hutia vishikizo juu yake, na hutengeneza kikofia kidogo cha resini kwa kila jino ili kishikizo kiende mdomoni mahali palepale. Hakuna mashine ya ghali. Kuna plasta, nta, waya, koleo, taa na mtu mwenye subira. Nilipoona kazi hiyo ikifanywa mezani niliwakumbuka vijana wetu wanaochonga, wanaoshona, wanaotengeneza redio zilizokufa. Mikono ya kazi hii tunayo.

Hoja ya tatu: kongamano ni darasa, na mwanafunzi hujiandaa.

Hili nitalipita upesi, maana wanaolihitaji zaidi ni wauguzi na wanafunzi wa utabibu. Faida kubwa mara nyingi haiko kwenye ukumbi mkubwa. Iko kwenye kozi ndogo inayotangulia, ambapo unakaa na waya na koleo mkononi na mwalimu anasimama nyuma yako. Iko mezani, ambapo fundi wa maabara anaonyesha vidole vyake. Kuna kifaa kimoja kinachofundisha kuliko hotuba kumi: taya la mfano ambalo meno yake yameshikwa na nta. Unafunga waya, unalitumbukiza kwenye maji ya moto, nta inalainika, na kwa dakika chache unaona meno yakienda safari ambayo mdomoni huchukua miezi. Ukikosea waya, unaona papo hapo jino likipinduka, na hakuna mtoto aliyeumia. Nta ya nyuki tunayo, na maji ya moto hayahitaji umeme. Kifaa cha namna hiyo tunaweza kukitengeneza hapa.

Anayekwenda aende na maswali yaliyoandikwa, na picha za wagonjwa wake zilizopigwa kwa ruhusa yao. Asione haya kukaa mbele. Lugha ya makongamano hayo ni Kiingereza mara nyingi, na sisi tumesomeshwa kwa Kifaransa. Hilo ni kikwazo cha kweli, na vijana wanaotaka njia hii waanze kukishughulikia sasa.

Hoja ya nne: sisi pia tuna la kuwafundisha.

Mzee wangu aliyeniuliza, hili ndilo hasa jibu langu kwako. Tumezoea kudhani kwamba elimu ya meno inatoka huko na kuja huku tu. Si kweli. Katikati ya miaka ya 1980, Tanzania, kulikuwa na kazi ya afya ya meno vijijini iliyoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Umeme hakuna, mashine ya kutoboa haizunguki. Wakaanza kukwangua sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake, halafu wakaziba tundu kwa simenti inayoshikana na jino yenyewe. Madaktari wa ng'ambo mwanzoni waliiona njia ya shida. Ikachunguzwa, ikaonekana inadumu. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa, na mwaka 2021 simenti ya aina hiyo ikaingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Leo watoto wa Uholanzi na Brazili wanaoogopa sauti ya mashine wanatibiwa kwa njia iliyotafutwa na watu waliokosa umeme. Nani basi alimfundisha nani?

Jambo la pili tunalolijua kwa karibu ni jeraha la ufizi wa watoto wachanga. Tanzania wanasema meno ya nailoni au meno ya plastiki. Uganda wanasema ebiino. Mtoto ana homa na anaharisha. Mzazi au mganga anafungua kinywa, anaona ufizi umevimba pale chonge la utoto linapojiandaa kutoka, anaona kitu cheupe laini, anasema ndiyo ugonjwa. Kinachimbuliwa kwa kisu, msumari, au spoku ya baiskeli. Damu inatoka nyingi. Wengine hupata pepopunda, wengine hufa, na homa yenyewe, ambayo mara nyingi ni malaria au tumbo, haikutibiwa. Mama zangu mliopo hapa, nawaomba kwa mapenzi yote: uvimbe ule ni jino la mtoto linalokua. Mpeni maji ya chumvi na sukari, mpelekeni kituo cha afya, na ufizi wake msiuguse.

Anayepona hubeba alama hadi utu uzima. Chonge la utoto halipo. La ukubwa, ambalo mbegu yake ilikaa chini yake tu, linatoka limepotoka, limeharibika, au halitoki kabisa, na meno ya jirani yanaegemea pengo. Sasa fikirieni: familia zetu zimehamia London, Stockholm, Montreal. Daktari wa huko anafungua kinywa cha kijana, anakuta chonge halipo upande mmoja, anapanga kazi ya waya kana kwamba kijana alizaliwa hivyo. Hajui la kuuliza. Mtu wa kumweleza ni sisi, na mahali pa kumwelezea ni kwenye kongamano lake, kwa picha na kwa hesabu sahihi.

Na la tatu ni uso wenyewe. Mmarekani Edward Angle, ambaye mwaka 1899 aligawa makosa ya kuumana kwa meno katika madaraja matatu yanayotumika hadi leo, alivutiwa na uso wa sanamu ya kale ya Apollo Belvedere kama kipimo cha uzuri. Vipimo vingi vya fuvu vilivyofuata vilichukuliwa kwa nyuso za watu wenye asili ya Ulaya. Meno na midomo yetu kwa kawaida huelekea mbele zaidi. Ukitumia kipimo kile, wengi wetu humu tutaandikwa wagonjwa hali tuko wazima. Tena kuna mwanya. Kuanzia Zanzibar hadi huku Lualaba, msichana mwenye mwanya anasifiwa, anatungiwa nyimbo. Katika vitabu mwanya ni kasoro ya kufungwa. Na katika jamii nyingi za bonde la Kongo wazee walichonga meno ya mbele kwa ustadi, maana uzuri ulikuwa hapo. Simwambii mtu achonge tena. Enameli ikiondoka hairudi. Nasema kwamba kabla ya kusogeza jino la mtu, lazima umwulize yeye anataka uso gani, na daktari aliyekulia Kibombo anakumbuka kuuliza hivyo kabla hajaambiwa na mtu.

Hoja ya tano: elimu ya kongamano ihesabiwe kwa yatakayofundishwa hapa.

Katika ripoti zake Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba Afrika ilikuwa na madaktari wa meno kama 3 tu kwa kila watu 100,000, sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wana vitivo vya meno tangu miaka ya 1970 na 1980. Sisi tuna Kinshasa, na kutoka hapa hadi Kinshasa kila mmoja anaijua safari yake. Hatuwezi kungoja bingwa kwa kila kituo cha afya. Lakini mengi yanayomfanya mtu ahitaji waya akiwa na miaka ishirini yanazuilika akiwa na miaka sita.

Gego la kwanza la ukubwa hutoka kwenye umri wa miaka sita, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utoto na hawalijali likioza. Na magego ya utoto yaliyo mbele yake yanalishikia nafasi. Yakioza na kung'olewa mapema, gego la miaka sita husogea mbele, na chonge linapokuja kwenye miaka kumi na moja au kumi na mbili linakuta pameshakaliwa. Linatoka juu kwenye ufizi, nje ya mstari. Mmeona sura hizo shuleni. Muuguzi aliyefundishwa anaweza kuziba tundu kwa njia ile ya Tanzania gego lising'oke; na likishang'oka, pete ndogo yenye kitanzi cha waya inaweza kushika nafasi.

Vilevile mtoto ambaye jino moja la mbele la juu linatoka nyuma ya la chini. Likikamatwa wakati linapotokeza tu na pana nafasi, kijiti bapa safi cha kukandamizia ulimi, mtoto akikiuma kwa mteremko mara kadhaa kwa siku chini ya uangalizi, kinaweza kulivusha katika muda mfupi. Likiachwa, miaka kumi baadaye ndipo unatafuta waya na nauli. Nguvu ndogo ya kusukuma ndiyo inayofanya kazi ya kile kijiti, na ndiyo inayofanya kazi ya waya wa roboti wa Bad Essen. Kwa sababu hiyo namtuma kijana wetu akajifunze hata lile la ghali: atakayeelewa kwa undani jinsi jino linavyohama atajua pia lini kijiti kinatosha na lini hakitoshi.

Basi haya ndiyo tunayopanga, na nayasema mbele ya wakubwa ili tuulizwe. Muhula ujao wauguzi wa vituo vilivyokubali watajifunza kutazama kinywa, kuziba kwa vyombo vya mkono na kuchukua sura ya meno kwa plasta. Mwalimu wa darasa la kwanza katika kila shule iliyojiandikisha atapewa karatasi moja yenye picha ya gego la miaka sita, aweze kuwaonyesha wazazi siku ya mkutano. Wakunga wataombwa kuandika kila mtoto mchanga aliyechimbuliwa ufizi, bila jina lake na bila kumshtaki mama, ili kwa mara ya kwanza tuwe na hesabu yetu wenyewe ya Kibombo. Hesabu hiyo ikiwa tayari, mmoja wetu ataipeleka kongamanoni ubaoni kwa picha, na akirudi atasimama hapa hapa kuwaeleza alichoulizwa na alichojifunza, kabla ya kupewa nauli ya safari nyingine.

Karatasi ya shule iko mezani kwa Bwana Daktari Mkuu wa zoni ya afya. Wakuu wa shule ambao hawajaandika majina waandike leo. Sasa nakaribisha maswali, na nianze na mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja spoku ya baiskeli.